Mchagua Jembe na Mkulima: Historia ya Kuchagua na Kuzoea Mpiganaji katika Michezo ya Video

Methali ya Kiswahili yasema: mchagua jembe si mkulima. Maana yake ni wazi kwa kila aliyekulia shambani. Mtu apitishaye asubuhi akipima mipini na kulaumu makali ya majembe, hali jua linapanda, hana nia ya kulima. Mkulima wa kweli hushika lililopo akaenda zake kondeni. Katika shamba la mahindi hukumu hiyo ni ya haki. Lakini umezuka katika zama hizi mchezo mmoja ambao hukumu hiyo haipokelewi kwa wepesi, kwa kuwa ndani yake kuchagua jembe ni sehemu ya kwanza ya kulima, na wachezaji wake wamebishana kwa zaidi ya miaka 30 juu ya uzito wa sehemu hiyo. Mchezo huo ni ule wa kupigana kwa sanamu katika kioo cha mashine, ujulikanao kwa jina la mchezo wa video wa kupigana.

Ili ugeni wake udhihirike, yafaa ulinganishwe na bao. Katika bao la Kiswahili kila mchezaji ana kete 32, na mashimo yake ni 16, sawasawa na ya mwenzake. Anayefungwa hawezi kudai kwamba kete za mpinzani zilikuwa nzito kuliko zake. Sataranji nayo imejengwa juu ya usawa huohuo, tofauti ikiwa ni ya nani atangulie tu. Mchezo wa kupigana wa video umeuacha usawa huo kwa makusudi. Kabla ya pigo la kwanza kila mchezaji huonyeshwa safu ya wapiganaji wasiofanana, huyu mwepesi na yule mzito, huyu wa kupiga kwa mbali na yule wa kukamata kwa karibu, naye sharti amchague mmoja awe mwili wake mpaka pambano liishe. Wapiganaji hao hawalingani kwa nguvu, na kila mtu ajua kwamba hawalingani.

Kutokana na hali hiyo hutokea maswali mawili yasiyokuwako katika bao. Je, ushindi ni wa mchezaji, au ni wa mwili alioukopa? Na tena, je, yapasa mtu amchague aliye na nguvu kuliko wote, au yule anayepatana na mikono yake? Historia ya mchezo huu ni, kwa sehemu kubwa, historia ya majibu yaliyotolewa kwa maswali hayo.

Kabla ya uchaguzi

Mwanzoni hapakuwa na uchaguzi wowote. Mwaka 1976 kampuni ya Sega ya Japani ilitoa Heavyweight Champ, mchezo wa ngumi wenye watu wawili tu. Mwaka 1984 ulitoka Karate Champ wa kampuni ya Technos Japan. Mchezaji aliuongoza kwa vijiti viwili bila kitufe hata kimoja. Wapiganaji wake walikuwa mmoja wa nguo nyeupe na mmoja wa nguo nyekundu, na tofauti yao haikupita rangi ya nguo. Yie Ar Kung-Fu wa kampuni ya Konami, uliotokea karibu na wakati huohuo, ulilikaribia jambo jipya. Wapinzani wa mchezaji walikuwa 11, na wengi wao walikuja na silaha zao: fimbo ndefu, mnyororo, upanga, rungu, na kadhalika. Lakini aina hizo zote zilikuwa upande wa mashine. Mchezaji mwenyewe, apende asipende, alikuwa kijana mmoja aitwaye Oolong, naye alipigana kwa mikono na miguu mitupu.

Mwaka 1987 kampuni ya Capcom ilitoa Street Fighter, uliobuniwa chini ya Takashi Nishiyama na Hiroshi Matsumoto. Hapo mchezaji wa kwanza alikuwa Ryu wa Japani. Na akija mwenzake kumpinga, huyo wa pili alikuwa Ken wa Marekani. Uwezo wao ulikuwa mmoja. Hakuna aliyemchagua Ken. Aliyesimama upande wa pili wa mashine ndiye aliyekuwa Ken, kama vile mtu aketipo upande wa pili wa ubao wa bao. Hata hivyo mchezo huo ulileta jambo lililodumu. Ryu na Ken walikuwa na mapigo matatu ya pekee, mojawapo likiwa mpira wa moto utokao viganjani, na mapigo hayo hayakutoka kwa kubonyeza kitufe tu. Ilimpasa mchezaji akizungushe kijiti kutoka chini mpaka mbele, kisha abonyeze kwa wakati wake hasa. Aliyekosea kidogo aliona ngumi ya kawaida ikienda hewani, na pengine akapigwa kwa kosa hilo. Basi yaweza kusemwa kwamba katika historia hii mazoezi yalitangulia uchaguzi: mkono ulianza kufundishwa kabla ya mtu kuulizwa anataka kuwa nani.

Wanane wa mwaka 1991

Uchaguzi wenyewe ulikuja na Street Fighter II, uliotolewa na Capcom mwaka 1991 na kubuniwa na Akira Nishitani pamoja na mchoraji Akira Yasuda. Wapiganaji wa kuchagua walikuwa wanane: Ryu na Ken wa zamani, Honda, mwanamieleka wa Kijapani, Blanka wa Brazili, Guile, askari wa Marekani, Chun-Li, mwanamke wa China, Zangief, mpiga mieleka wa Kisovieti, na Dhalsim wa Uhindi. Wengine wanne walibaki upande wa mashine, wakingojea mwishoni.

Jambo kubwa la mchezo huo halikuwa idadi hiyo. Lilikuwa ni kwamba kila mpiganaji aliudai mkono wa mchezaji kwa namna yake. Mpira wa moto wa Ryu ulitoka kwa mzunguko mfupi wa kijiti, nao ungeweza kutumwa wakati wowote. Guile naye hakuweza kutupa wimbi lake ila mchezaji awe amekivuta kijiti nyuma kwa muda, kisha akisukume mbele kwa ghafula. Kwa hiyo aliyemchagua Guile alijifunza subira, kwa kuwa kila hatua ya kwenda mbele ilimwondolea akiba aliyokwisha kuiweka. Zangief alidai kijiti kizungushwe duara zima, na pigo lake lililotisha lilihitaji awe karibu kabisa na adui. Basi aliyemchagua alijifunza kuvumilia mateso ya njiani ili afike. Mikono na miguu ya Dhalsim ilirefuka mpaka karibu nusu ya uwanja, lakini mwendo wake ulikuwa wa polepole, na mwenyewe ilimbidi ajue kipimo cha kila umbali kama fundi ajuavyo kipimo cha ubao.

Hivyo kumchagua mpiganaji kulikuwa ni kuchagua aina ya mafunzo. Mtu hakusema tu, "Nitakuwa Guile." Alisema, kwa kweli, ya kwamba atajifunza kungoja. Na aliyemaliza miezi sita akijifunza kungoja hakuweza kumhamia Zangief siku moja na kuenda naye vizuri, maana mkono wake ulikuwa umekwisha kuzoea tabia nyingine.

Katika mchezo huo wa kwanza wachezaji wawili hawakuruhusiwa kumchukua mpiganaji mmoja. Aliyewahi alimpata, na mwenzake alitafuta mwingine. Kizuizi hicho kiliondolewa mwaka 1992 katika toleo lililoitwa Champion Edition, ambalo pia liliwatoa wale wanne wa mashine na kuwatia katika safu ya kuchaguliwa. Tangu hapo iliwezekana Guile apigane na Guile, na kwa mara ya kwanza usawa wa bao ukarudi kwa mlango wa nyuma. Aliyefungwa katika pambano la namna hiyo hakuwa na udhuru wa jembe.

Yafaa itajwe pia kwamba moja ya nguzo za ustadi wa mchezo huu ilipatikana kwa bahati. Noritaka Funamizu, aliyekuwa msimamizi wa kazi hiyo, alipoichunguza sehemu ya mchezo ambapo mpiganaji huvunja gari, aligundua ya kwamba pigo moja likifuatwa na jingine kwa wakati maalumu, la pili halina budi kuingia. Aliliona kuwa ni jambo gumu mno kufaa kwa watu, akaliacha lilivyo. Watu walilifuata jambo hilo kwa bidii kuliko alivyodhani. Mfululizo wa mapigo yasiyokingika ukawa ni somo la kila mpiganaji, na kila mpiganaji akawa na mifululizo yake.

Shule ya sarafu

Katika miaka hiyo ya mwanzo mazoezi yalifanyika hasa mbele ya watu na kwa malipo. Katika kumbi za Marekani wachezaji wawili walisimama bega kwa bega mbele ya mashine moja. Aliyetaka zamu aliiweka sarafu yake ya robo dola juu ya ukingo wa kioo, ikawa ndiyo foleni. Japani ilikuwa na desturi yake: mashine mbili ziliunganishwa na kupeana mgongo, na mtu aliweza kupigana saa nzima na adui asiyemwona uso. Kote kuwili sheria ilikuwa moja. Mshindi aliendelea bila kulipa, na mshindwa alitoa sarafu nyingine au aliondoka.

Sheria hiyo iliathiri uchaguzi kuliko ilivyodhaniwa. Kumjaribu mpiganaji mpya kulikuwa na bei, nayo ililipwa papo hapo machoni pa wote. Kijana mwenye sarafu nne mfukoni hakuweza kuzitumia zote kwa kujifunza mtu asiyemjua. Alimrudia yule aliyekwisha kumzoea, ili akae mashineni muda mrefu. Kwa hiyo uaminifu wa wachezaji wengi wa zamani kwa mpiganaji mmoja, ambao baadaye ulisifiwa kama wema wa moyo, chanzo chake kimoja kilikuwa ni uchache wa fedha. Jambo hilo haliupunguzii uaminifu huo heshima yake, lakini lafaa likumbukwe na kila autafutaye ukweli wa mambo.

Uaminifu huo uliingia hata katika lugha. Sega ilipotoa Virtua Fighter mwaka 1993 na Virtua Fighter 2 mwaka 1994, michezo yenye wapiganaji wa umbo la pande tatu, walitokea Tokyo na kando yake wachezaji waliojulikana nchi nzima kwa majina ya lakabu. Mmoja aliitwa Shinjuku Jacky, mwingine Ikebukuro Sarah, mwingine Kashiwa Jeffry. Neno la kwanza ni mtaa au mji ambamo mtu huyo alikuwa akicheza. La pili ni jina la mpiganaji wake. Muundo huo wa jina wastahili kuangaliwa na wanaoshughulika na lugha. Nisba ya mahali ni ya kale na hupatikana katika lugha nyingi, Kiswahili kikiwa miongoni mwao. Lakini hapa nisba hiyo haikufuata jina alilopewa mtu na wazazi wake, bali ilifuata jina la sanamu aliyoichagua mwenyewe. Aliyejiita hivyo alikuwa amejifunga. Hakuweza kumwacha Jacky bila kuliacha jina lake.

Wajapani wana neno jingine, nalo ni mochikyara, ambalo maana yake ni mpiganaji ambaye mtu anaye mkononi. Neno hilo limejengwa juu ya kitenzi cha kushika na kumiliki. Kwa hiyo katika Kijapani mpiganaji ni kama chombo cha fundi, kitu kinachokaa mkononi mpaka kikauzoea, na mkono ukakizoea.

Suala la haki

Mwaka 1994 Capcom ilitoa Super Street Fighter II Turbo, na ndani yake ilificha mpiganaji aitwaye Gouki kwa Wajapani na Akuma kwa watu wa nchi nyingine. Hakuonekana katika safu. Alipatikana kwa kufuata utaratibu wa siri wakati wa kuchagua. Nguvu zake zilipita kiasi. Aliweza kutupa moto kutoka hewani kwa namna ambayo baadhi ya wapiganaji hawakuwa na njia yoyote ya kuupita, hata wakiongozwa na fundi gani.

Hapo swali la pili lililotajwa mwanzoni lilipata mtihani wake. Ikiwa mchezo ni wa kushinda, na Akuma yumo ndani ya mchezo, kwa nini mtu asimchague? Marekani ililijibu kwa sheria: Akuma alipigwa marufuku katika mashindano. Japani ililijibu kwa ada: watu hawakumchagua, wala haikuhitajika amri ya kuwazuia. Matokeo yakawa mamoja, ingawa njia zilikuwa mbili.

David Sirlin, mchezaji na mbunifu wa michezo wa Marekani, amelijadili jambo hili katika kitabu chake Playing to Win. Rai yake ni kwamba mchezaji anayejiwekea miiko ambayo mchezo haukuiweka, akakataa kutumia pigo fulani kwa kuwa "si la kiungwana", anajinyima nafasi ya kujifunza, na kisha hulaumu wengine kwa kushindwa kwake. Lakini hata yeye alikubali kwamba Akuma wa mchezo ule alistahili kukatazwa, kwa sababu akiruhusiwa hakuna atakayemchagua mwingine, na mchezo wa wapiganaji wengi utageuka kuwa mchezo wa mmoja. Kanuni inayotoka katika hoja hiyo ni ya thamani. Kutolingana kwa wapiganaji si dhuluma maadamu kila mmoja ana njia ya kujitetea; hugeuka kuwa dhuluma pale mazoezi yanapokosa faida yoyote. Jembe butu laweza kulimia. Jembe lisilo na chuma haliwezi, na asiyelichukua hastahili kuitwa mvivu.

Uwanja wa mazoezi

Kutoka katikati ya miaka ya 1990 michezo ya mashine za nyumbani ilianza kuwa na uwanja wa mazoezi, ambamo adui husimama bila kujitetea, saa haitembei, na uhai hauishi. Hapo sarafu ilikoma kuwa mwalimu. Mtu aliweza kurudia mfululizo mmoja mara mia usiku mmoja bila kulipa na bila kuchekwa.

Badiliko hilo lilizaa elimu ya vipimo. Picha ya michezo hii mingi hubadilika mara 60 kwa sekunde, na kila picha moja huitwa fremu. Kila pigo lina idadi yake ya fremu kabla halijafika, idadi ya fremu linapodhuru, na idadi ya fremu ambazo mpigaji amelala wazi baada yake. Jicho na mkono wa binadamu huhitaji kiasi cha moja ya tano ya sekunde au zaidi kuitikia jambo lililoonekana, yaani fremu 12 na kuendelea. Ngumi nyepesi hufika katika fremu nne tu. Kwa hiyo hakuna awezaye kuiona ngumi hiyo kisha akaikinga. Anayeikinga alikwisha kujua kwamba itakuja, ama kwa kuijua tabia ya mpiganaji, ama kwa kuijua tabia ya mtu anayemwongoza.

Maana ya mazoezi ilipanuka kwa sababu hiyo. Sehemu ya kwanza ni kuufundisha mkono mpaka utende bila kuamriwa, ili akili ipate nafasi. Sehemu ya pili ni kuyajua mapigo ya wapiganaji wote wengine, maana aliyemchagua mmoja hana budi kuwajifunza wote atakaokutana nao. Sehemu ya tatu ni kumjua binadamu aliye upande wa pili, na sehemu hii haipatikani katika uwanja wa mazoezi, kwa kuwa sanamu isiyojitetea haina hila. Wengi walioingia mashindanoni na mifululizo mizuri ya nyumbani waligundua kwamba hawakupata hata mara moja nafasi ya kuianza.

Ken na Chun-Li, mwaka 2004

Mashindano makubwa ya mchezo huu ni yale yaitwayo Evo. Yalianza mwaka 1996 huko Sunnyvale, California, kwa jina la Battle by the Bay, yakiwa na wachezaji wapatao 40, na jina la sasa lilikuja mwaka 2002. Katika Evo ya mwaka 2004 Daigo Umehara wa Japani alikutana na Justin Wong wa Marekani katika Street Fighter III: 3rd Strike, mchezo uliotoka mwaka 1999. Wong alimchagua Chun-Li, na Umehara alimchagua Ken. Wote wawili walihesabiwa miongoni mwa wapiganaji wenye nguvu kabisa wa mchezo huo, lakini Chun-Li alitangulia.

Katika raundi ya mwisho ya mchezo mmoja Umehara alibakiwa na uhai mdogo sana. Hata kukinga kwa kawaida kungemmaliza, kwa kuwa mapigo makubwa hupunguza uhai kidogo ingawa yamekingwa. Wong aliachilia pigo kuu la Chun-Li, mfululizo wa mateke ya haraka. Ilibaki njia moja. Mchezo huo humruhusu mchezaji kulipangua pigo bila hasara akikisukuma kijiti kuelekea kwa adui wakati uleule pigo linapofika. Akikosea, pigo humwingia. Umehara aliyapangua mateke yote 15 moja baada ya jingine, la mwisho akiwa hewani, kisha akarudisha mapigo akashinda. Tena ilimpasa aanze kupangua mapema kiasi cha kubashiri, kwa maana pigo hilo likisha kuonekana dhahiri, wakati wa teke la kwanza umepita.

Tukio hilo limesimuliwa sana kama muujiza. Kwa mwanahistoria maana yake ni nyingine. Mapigo hayo 15 yalikuwa na mwendo wake maalumu, na mwendo huo ni kitu kinachoweza kujifunzwa kama mdundo wa ngoma; aliyeupangua hadharani alikuwa amekwisha kuujua kabla ya siku hiyo. Jingine husahauliwa na wasimulizi: Umehara hakulitwaa taji la mwaka huo. Alifungwa katika fainali na Mjapani mwenzake, Kenji Obata, aliyemchagua Yun. Uzuri wa pambano moja haukufuta hesabu ya mashindano.

Kudumu na kubadili

Kanuni za mashindano zenyewe zinakiri uzito wa uchaguzi. Kwa kawaida mshindi wa mchezo mmoja hubaki na mpiganaji wake, na mshindwa huruhusiwa kubadili. Tena mchezaji akiogopa kwamba mwenzake atamngoja ataje chaguo lake ili amtafutie kinyume chake, yuko huru kumnong'oneza mwamuzi jina la mpiganaji wake kabla halijatangazwa.

Katika fainali ya Street Fighter IV ya mwaka 2009 Umehara na Wong walikutana tena. Wong alibadili mpiganaji katikati ya mapambano ili amtafute atakayemshinda Ryu. Umehara alibaki na Ryu, naye akashinda. Mwaka 2013 Ho Kun Xian wa Singapore alilitwaa taji la mchezo huo kwa Gen, mzee ambaye wachache walikuwa na subira ya kumjifunza. Mwaka 2014 Mfaransa Olivier Hay alilitwaa kwa Rose, ambaye hakuhesabiwa kuwa wa safu ya kwanza, tena akitumia kidude cha kuongozea cha PlayStation ya kwanza hali wengi wa wapinzani wake walishika vijiti vya kisasa. Aliyejifunza mpiganaji asiyezoeleka ana faida ya pekee: yeye huwajua adui zake kwa kuwa huwakuta kila siku, lakini wao hawamjui yeye.

Mifano hiyo ingeweza kumfanya mtu aamini ya kwamba kudumu ndiko kwema siku zote. Historia hairuhusu hukumu nyepesi namna hiyo. Siku hizi watengenezaji huyarekebisha mapigo kwa njia ya intaneti baada ya mchezo kuuzwa, na mpiganaji aliyekuwa na nguvu mwaka huu aweza kudhoofishwa mwaka ujao. Umehara mwenyewe, ambaye kwa watu wengi alikuwa ndiye Ryu, alimwacha Ryu katika Street Fighter V mwaka 2017 akamshika Guile. Mtu aliyesifiwa kwa kudumu alibadili ardhi ilipobadilika, akaanza kujifunza upya kungoja.

Lahore

Mfano wa mwisho unahusu mahali pa kufanyia mazoezi. Mwezi wa Februari 2019, Arslan Siddique wa Lahore, Pakistani, anayejulikana mchezoni kwa jina la Arslan Ash, alifika Fukuoka katika Evo ya Japani baada ya taabu nyingi za safari na hati za kusafiria. Alishinda mashindano ya Tekken 7 akimtumia Kazumi. Katika miaka ya kabla ya hapo wakuu wa mchezo huo walihesabiwa kuwa Wakorea na Wajapani, na Pakistani haikutajwa. Baada ya kushinda alieleza kwamba kwao kulikuwa na wengine walio hodari. Watu walidhani ni adabu ya mshindi. Mwezi wa Agosti mwaka huohuo alishinda tena katika Evo ya Marekani, akimfunga katika fainali Bae Jae-min wa Korea ya Kusini, aitwaye Knee, mtu mashuhuri kwa kuwamudu wapiganaji wengi badala ya mmoja. Knee alisafiri mwenyewe mpaka Pakistani mwaka huo ili apigane na wenyeji, akathibitisha kwamba maneno ya Arslan hayakuwa adabu tu.

Lahore haikuwa na siri ya uchaguzi. Kazumi alikuwa wazi kwa kila mtu duniani. Kilichokuwako huko ni vyumba vya michezo ambamo vijana walikutana na kufungana kwa miaka, kila mmoja akimnoa mwenzake, mbali na macho ya mabingwa. Na Tekken 8 ilipotoka mwaka 2024, Kazumi hakuwamo miongoni mwa wapiganaji 32 wa mwanzo. Arslan alitafuta mwingine, akalitwaa taji la Evo la mwaka huo pia. Aliyepoteza jembe hakuwa amepoteza ukulima.

Hitimisho

Basi methali iliyotajwa mwanzoni haikutanguliwa na historia hii, bali imefafanuliwa nayo. Uchaguzi una uzito wake: ndio unaoamua mkono utajifunza nini, na upo uchaguzi mwingine, kama ule wa Akuma, ambao watu wenye busara waliukataa kwa kuwa ungeua mchezo wenyewe. Lakini hakuna mpiganaji aliyemshindia mtu asiyemzoea. Ken hakuyapangua mateke 15 kwa kuwa alikuwa Ken, wala Rose hakumfikisha Mfaransa kwenye taji kwa nguvu zake. Uchaguzi hufanywa kwa nukta chache mbele ya safu ya nyuso. Maana yake huja baadaye, pole pole, kutoka katika mikono iliyorudia jambo moja mpaka likawa tabia, na kutoka kwa wenzi waliokubali kufunga na kufungwa. Mchagua jembe aweza kuwa mkulima, ila sharti asubuhi ile ile aonekane kondeni.